Jana Hukusema Hivyo, Baba

Saa tatu kasoro robo usiku, nikiwa chali chini ya chandarua, mtoto mmoja kwapani na mwingine juu ya tumbo, nilisomewa mashtaka. Kosa lenyewe: jana nilisema mbwa kaiba samaki watatu, leo nimesema wawili. Mshtaki ana miaka mitano. Shahidi wake ana mitatu, na ushahidi wake wote ni neno moja, "Ndiyo," ambalo hulitoa hata akiulizwa kama yeye ni mbuzi.

"Jana hukusema hivyo, Baba."

"Ndiyo," akasema shahidi.

Nikajitetea kwamba samaki mmoja huenda aliliwa usiku wa kuamkia leo. Nilidhani nimejibu kisomi. Mshtaki akafunua kurasa nyuma, akaweka kidole pale pale, akahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, kisha akanitazama kama askari wa usalama barabarani anavyomtazama dereva aliyesahau leseni nyumbani.

Huyu binti nitamwita Wakili, maana jina lake halisi mama yake amekataza lisitoke gazetini. Mdogo wake atabaki Shahidi. Na mimi, kama mlivyoona, ndiye mtuhumiwa, kila siku ya Mungu isipokuwa umeme ukikatika. Hata umeme ukikatika siku hizi hausaidii, wamejua tochi ya simu inapowashwa.

Haya yote yalianzia kwenye kikao cha wazazi. Mwalimu wa awali, binti mdogo mpole mwenye sauti ya kubembeleza, alisimama mbele yetu akatuomba kila mzazi amsomee mwanawe kitabu cha picha kabla ya kulala. Dakika 20. "Na msisome tu wazazi wangu, mjadiliane." Wazazi wengi tuliitikia kwa vichwa, kama tunavyoitikia kila jambo kwenye vikao ili tuwahi kutoka. Mama Watoto yeye aliandika. Aliandika kwa kalamu niliyomwazima mimi mwenyewe, na hilo sitajisamehe.

Msomaji inabidi ujue ratiba yangu ndipo unionee huruma. Nakaa Bagamoyo, mkate wangu uko Dar es Salaam, kilomita kama 65 kwa barabara. Naondoka na gari la saa kumi na moja alfajiri. Jioni narudi kutoka Makumbusho nimesimama, mguu mmoja wangu, mwingine sijui wa nani, mpaka Bunju watu waanze kupungua. Kiti nakipata Kerege au Zinga, yaani wakati usingizi ukinikolea tu konda anagonga bodi. Nikifika nyumbani, Isha imeshaswaliwa, wali umeshapoa, na watu wawili waliolala mchana kutwa wananisubiri kitandani macho makavu, wako tayari kwa majadiliano.

Na kitabu cha kujadili kilitoka wapi? Ndani tulikuwa na msahafu, daftari la kikoba, na kijitabu cha bei za vigae. Nikaona nimepona. Kumbe wakati wa tamasha la sanaa pale chuoni TaSUBa, jirani yetu alikuwa amempangisha chumba mgeni wa Kijerumani, na mgeni alipoondoka aliacha vitu viwili: dawa ya mbu na kitabu cha watoto. Jirani, mtu mwenye akili, alibaki na dawa ya mbu.

Kitabu chenyewe sina ugomvi nacho kwa uzuri. Kimechorwa na John Kilaka, Mtanzania mwenzetu mzaliwa wa Sumbawanga, kwa ule mtindo alioanzisha Edward Saidi Tingatinga pale Dar mwishoni mwa miaka ya 1960. Rangi zinapiga kelele. Sokwe amevua samaki anawapeleka sokoni, mbwa mlafi anawamezea mate, na wanyama karibu wote wamevaa vizuri kuliko mimi. Kwa Kiingereza kinaitwa Fresh Fish. Chetu kinaitwa Frische Fische, kwa kuwa vitabu vya Kilaka vilianza kuchapishwa Uswisi kwa Kijerumani. Fikiri hapo. Hadithi ya samaki inatoka kwetu, inakwenda kupigwa chapa kwenye nchi isiyo na pwani hata ya kuoshea miguu, kisha inarudi Bagamoyo haijui tena Kiswahili. Nina binamu yangu mmoja yuko hivyo hivyo.

Utasema, Bagamoyo na Kijerumani si wageni. Ni kweli. Hapa ndipo palikuwa makao makuu ya Wajerumani mpaka mwaka 1891 walipohamia Dar es Salaam, na boma lao bado limesimama. Lakini katika lugha yao yote, maneno waliyotuachia yakashika ni mawili: shule, kutoka kwenye "Schule", na hela, kutoka kwenye sarafu yao ya "Heller". Tangu siku hiyo la pili halijawahi kutosheleza la kwanza. Nilikipitia kitabu kizima nikitafuta angalau neno moja kati ya hayo mawili. Hakuna shule, hakuna hela. Samaki tu.

Kwa hiyo nasoma picha. Kila usiku natunga upya, na hapo ndipo lilipo kaburi langu. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu huishia ukurasa wa nne. Mtu mzima aliyetoka kusimama saa mbili na nusu ndani ya gari hawezi kukumbuka kama jana fisi alikuwa jirani au shemeji. Wakili anakumbuka. Anakumbuka nilichosema, sauti niliyotumia, na kwamba nilipiga miayo kabla ya twiga, si baada yake.

Nyongeza ya shida ni kwamba hawa ni watoto wa pwani. Mtoto wa Dodoma ungemwambia sokwe kavua samaki, angelala. Wa kwangu mama yao huwachukua mnadani pale ufukweni mashua zinaporudi, wamewaona madalali wakinadi, wamewaona akina mama wakikaanga, wanamjua changu, wanamjua kibua, wanajua nani kauziwa samaki wa jana. Ukurasa wa kwanza tu:

"Baba, amevua kwa mshipi au kwa nyavu?"

"Nyavu."

"Zipo wapi?"

"Amezianika."

"Wapi?"

"Nyuma ya kitabu."

Akakigeuza kitabu. Nyuma kulikuwa na bei kwa faranga.

Usiku mwingine likaja la madrasa. Wakili alikuwa ametoka kufundishwa tohara, akakaa kitako ghafla. "Baba. Hao samaki mbwa kawatia mdomo. Si mpaka waoshwe mara saba?" Nikasema nadhani hivyo. "Na moja kwa udongo?" Nikasema ndiyo. "Sasa mbona sokwe anawauza?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina, nimemuuliza ustadhi wake, ustadhi amesema suala la sokwe mfanyabiashara atalitazama. Shahidi akaulizwa kama angenunua. "Ndiyo."

Mimi zamani yangu ya kusoma haikunitayarisha kwa mambo haya. Sisi tulisoma Kibanga Ampiga Mkoloni. Tulisoma habari za Bulicheka na Lizabeta. Mwisho wa somo kulikuwa na maswali, na maswali yalikuwa na adabu zao: Kibanga alimpiga nani? Unasimama, unajibu kwa sentensi kamili, Kibanga alimpiga mkoloni, unakaa, unapigiwa makofi. Jibu liko kwenye kichwa cha habari! Huo ndio mjadala niliolelewa nao. Hakuna aliyeuliza Kibanga alijisikiaje. Hakuna aliyeuliza ungekuwa wewe ndiye mkoloni ungefanya nini. Na kitabu kimoja tulikalia wanne, kwa hiyo kama picha iko upande wa pili wa dawati, wewe unaisikia kwa majirani.

Siku nyingine nililalamika ofisini, kijana mmoja wa kompyuta, wale wasiojua kunyamaza mbele ya swali, akaingia mtandaoni akanitafutia mwenye kosa. Mwenye kosa ni Mmarekani, mwanasaikolojia anaitwa Grover Whitehurst. Mwaka 1988 yeye na wenzake walichapisha habari za jaribio walilofanya na wazazi wa watoto wa miaka miwili, miwili na nusu. Wote waliwasomea watoto wao vitabu vya picha. Ila kundi moja lilifundishwa kutomsomea mtoto kama redio, bali kumuuliza maswali yasiyo na jibu la ndiyo au hapana, kumwacha aseme, kisha kuongezea kidogo juu ya alichosema. Watoto wa kundi hilo wakawapita wenzao kwa kujieleza, tena kwa mbali. Sikatai. Ushahidi ninao chumbani. Lakini soma vizuri: jaribio lile lilidumu mwezi mmoja. Mwezi mmoja, wazazi wa New York wakapumzika. Mimi niko wa kumi na nne.

Nilimwambia Mama Watoto tutafute basi kitabu cha Kiswahili, maneno yawe yameandikwa, kila mtu ayaone, kesi ziishe. Vipo. Tangu mwaka 1991 kuna Mradi wa Vitabu vya Watoto uliokuwa ukiwashika mkono waandishi na wachapishaji wa Kiswahili na kupeleka nakala mashuleni, na mwaka huo huo Walter Bgoya akaanzisha Mkuki na Nyota. Siku ya mshahara nikashuka njiani, nikanunua kimoja kuhusu kuku. Nikakisoma kama kilivyoandikwa, neno kwa neno, kwa fahari. Kiliisha kwa dakika tatu. Kimya. Wakili akakichukua, akakitazama mgongo kama anayetafuta sehemu iliyobaki.

"Sasa Baba tusome kile ambacho wewe hukijui."

Nikarudi kwa sokwe.

Ijumaa moja mama yangu akaja kutoka Kaole kulala kwetu. Nikaona ukombozi umefika. Mama hajui kusoma herufi za Kizungu, lakini hadithi anazo za kujaza jahazi, na yeye ndiye aliyenilaza mimi miaka yote bila Mmarekani yeyote kumwelekeza. Kwanza alipokiona kitabu juu ya mto akakishika kwa ncha ya vidole. "Kitabu cha mbwa mnakiweka kitandani?" Akakipeleka juu ya kabati. Nilitamani kumbusu.

Akakaa, akavuta kanga. "Paukwa!"

"Pakawa!" Hata mimi niliitikia, kutoka mlangoni.

Akawapa ile ya kima na papa. Mnaijua: kima anakaa kwenye mkuyu ulioinamia bahari, kila siku anamrushia papa matunda, wakawa marafiki. Papa akamkaribisha kwao, akambeba mgongoni, walipofika katikati ya maji akamwambia ukweli, kwamba mfalme wao mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akasema lo, mbona hukusema mapema, sisi kina kima tukitoka safari mioyo tunaiacha mtini. Papa akageuza. Ni hadithi ya zamani sana hapa pwani. Padri Edward Steere aliichukua Unguja kwa wasimulizi wa huko akaichapisha London mwaka 1870, na kwake pia mti ni mkuyu. Bibi wa Kaole hakuchukua kwa Steere. Nadhani tunadai.

Nikawa naenda zangu kula, roho kwatu. Nikasikia:

"Bibi. Huo moyo aliuacha Bagamoyo?"

Kimya.

"Maana Bagamoyo ni kubwaga moyo. Mwalimu kasema."

"Ehee," Mama akasema polepole, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. "Yawezekana, mjukuu wangu."

"Na Livingstone?"

"Huyo nani tena?"

Nikajua sili. Wiki ile darasa la Wakili lilikuwa limepelekwa Misheni, likaonyeshwa mnara ambamo mwili wa David Livingstone ulilazwa usiku mmoja wa Februari 1874. Mtoto aliyashika yote. Kwamba mzungu alifia mbali sana bara, kijijini kwa Chitambo, Mei mwaka 1873, huko ambako leo ni Zambia. Kwamba watumishi wake, akina Susi na Chuma na wenzao, waliutoa moyo wake wakauzika chini ya mti, mwili wakautia chumvi wakauanika juani, wakaufunga, wakautembeza kwa miguu miezi karibu tisa mpaka hapa, ndipo ukavushwa Unguja na kupelekwa kuzikwa London.

"Kwa hiyo naye moyo wake aliuacha mtini," Wakili akahitimisha. "Kama kima. Alikuwa anamdanganya nani?"

Mama alinitazama. Mimi nilitazama feni. Ninawaambieni, huyo Whitehurst na kundi lake la New York hawakukutana na hili. Nilisema Livingstone hakumdanganya mtu, yeye alikuwa amekufa. "Kima alikuwa mzima?" Mzima. "Kwa hiyo ukiacha moyo ukiwa mzima ni ujanja, ukiwa umekufa ni safari." Sikusema mimi hayo, alisema yeye, akiwa amevaa suruali ya kulalia yenye picha za nanasi.

Nikadhani tumemaliza. "Na mji wetu, nani alibwaga moyo?"

Hapa nikatumia busara ya baba. Nikaeleza habari za wapagazi, kwamba misafara ilikuwa ikitoka Ujiji na Tabora, watu wamebeba pembe za ndovu mabegani miezi mitatu, wakiuona mnazi wa kwanza wanatua mizigo, wanapumua, moyo unatulia. Ni maelezo mazuri, yana wanaoyashikilia, na yanafaa kwa saa tatu usiku.

"Wote walifurahi?"

"Wengi."

"Nani hakufurahi?"

Nilianza kusema kesho nina safari ya mapema. Mama akanikata. "Waliokuja kuuzwa, mjukuu wangu. Wao walipoiona bahari walijua hawarudi kwao. Moyo wakauacha hapa." Hakupunguza sauti wala hakuipandisha.

Wakili alifikiri. Feni ikazunguka. Hakuuliza la bei, nililokuwa naliogopa. Aliuliza kama hiyo mioyo ipo mpaka leo, na ipo wapi, chini ya mti gani. Mama akasema walale, akawafunika, akatoka nje kukaa barazani, na alikaa muda mrefu. Chai niliyompelekea ilipoa mkononi. Asubuhi, kabla ya kupanda bodaboda ya Kaole, alikishusha mwenyewe kile kitabu juu ya kabati akanipa. "Wasomee tu ya mbwa," akasema.

Kwa hiyo tuko palepale. Juzi gari letu liliharibika Mapinga, nikafika saa tatu na nusu nimelowa, nikiomba Mungu wawe wamelala. Mama Watoto akaninyooshea kidole chumbani bila neno. Nikajitupa kati yao na shati langu, nikafungua sokwe, nikasema hapo zamani za kale, na la pili silikumbuki. Nililala.

Nilizinduka sijui saa ngapi, nikayafumba macho vilevile kwa usalama. Kitabu kilikuwa juu ya kifua changu, kimeegemezwa kwenye kidevu. Wakili alikuwa anasoma. Alikuwa na sauti yangu, ile nzito ya pua, na alikuwa akifuatisha herufi za Kijerumani kwa kidole, mstari kwa mstari, haruki hata mmoja.

"Sokwe akasema, eeh Mola wangu. Mbwa akasema, hebu nyamazeni, nimesimama kutoka Makumbusho. Samaki wakasema, tutajadili kesho. Sokwe akasema, kesho nina safari. Halafu akapiga miayo, haaaah, ndipo akaja twiga."

"Wangapi?" Shahidi akauliza. Ni mara ya kwanza kumsikia akisema neno jingine usiku.

"Samaki? Watatu."

"Mbwa anapanda gari?"

"La saa kumi na moja. Ndiyo maana ana hasira."